Kuskusi ya samaki ya Trapani kwenye jiko la Kisauni

Jambo la kwanza, acha kuskusi ya boksi. Ipo madukani, unaimwagia maji moto, unafunika dakika tano, na watoto watakula. Lakini hiyo imeshapikwa kiwandani ikakaushwa, na kazi yote iliyoifanya ikawa kuskusi ilifanyika mbali nawe. Watu wa Trapani, pembe ya magharibi ya kisiwa cha Sisilia, huanza na suji kavu, maji ya chumvi na vidole vyao. Nakuomba nawe uanzie hapo hapo, walau mara moja.

Mimi nilifundishwa na mama mmoja wa Trapani tulipokuwa jikoni pamoja kwenye hoteli moja ya pwani, upande wa kaskazini. Kiswahili chake hakikufika maneno thelathini, na Kiitaliano changu kilikuwa cha kuombea chumvi na kisu. Alikuwa akisimama kando yangu, akinishika mkono, akiuzungusha ndani ya bakuli la udongo, na neno aliloliweza kuliko yote lilikuwa "polepole". Mimi mikono yangu ilikuwa ya haraka, ya kukuna nazi na kusonga sima ya watu wengi. Ilinichukua karibu mwezi mzima kuituliza.

Kwa watu sita nanunua nusu kilo ya suji ya chenga kubwa na kikombe kimoja cha suji laini. Kwenye maduka ya Marikiti, hapa Mombasa, unaweza kuiona na kuishika kabla hujalipa. Ishike. Ile inayoelekea manjano, inayokwaruza vidole kama mchanga wa ufuoni, ndiyo. Ile nyeupe inayoganda mkononi kama unga ni ya uji wa mtoto. Kule kwao hutumia ngano ngumu, ndiyo maana kuskusi yao ina rangi ya manjano na haipondeki hata ikinywa mchuzi.

Chukua pia gramu 80 za lozi zenye ganda la kahawia, umenye mwenyewe kwa maji moto. Vitunguu maji vinne, kichwa cha thomu, nyanya tano mbivu na kijiko cha nyanya ya kopo, pilipili kavu moja, kijiti cha mdalasini, shada la pasli, na mafuta ya zeituni. Dania usiitie, nakusihi. Dania ni nzuri kwenye biriani na kachumbari, hapa itameza harufu ya bahari. Kuhusu majani makavu: Wasisilia hutumia jani la mti lenye mshipa mmoja tu katikati. Dukani kwetu ukiomba majani ya pilau mara nyingi utapewa tejpata, lenye mistari mitatu inayokwenda sambamba na harufu ya mdalasini. Si jani lile lile, lakini kwa kuwa chungu hiki kina mdalasini tayari, halitakuharibia kitu. Nimepika na yote mawili.

Sasa samaki. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu tumezoea kutafuta samaki mmoja mzuri wa kukaanga. Kuskusi haimtaki huyo. Inataka samaki wa miambani, mchanganyiko, wenye mifupa mingi na vichwa vikubwa. Nikienda soko la samaki la Mji wa Kale nafika mapema, na naanza kwa kuuliza kichwa cha tewa.

"Mama, kichwa peke yake wakitakia nini?"

"Supu, mwanangu. Na nitilie changu wawili, pono mmoja, na robo ya kamba na vichwa vyao."

Jumla iwe kilo mbili hivi. Kichwa cha tewa kina utelezi ule unaoufanya mchuzi ushike midomo, na vichwa vya kamba vina rangi na utamu. Jodari mwache. Ni samaki wa heshima, na Trapani wenyewe wamemvua kwa karne nyingi, lakini damu na mafuta yake hulemea supu hii. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka na bei zikapanda, ninapunguza changu lakini kichwa cha tewa sikiachi.

Kuviringa

Weka mbele yako mkungu mpana wa udongo, au chano cha mti. Sinia ya bati inateleza, punje hazipati pa kushika. Kaa kitako, usisimame. Yeyusha kijiko cha chai cha chumvi katika vikombe viwili vya maji, hutayamaliza yote.

Tupia viganja viwili vya suji ya chenga kubwa kwenye mkungu. Chovya ncha za vidole vya mkono wa kushoto kwenye maji na unyunyize, matone tu. Halafu mkono wa kulia, tanua vidole kama chanuo na uzungushe suji upande mmoja, duara baada ya duara, vidole vikipapasa udongo bila kukandamiza. Usibadilishe upande. Baada ya mizunguko kumi utaona chenga zimeanza kushikana mbilimbili, tatutatu. Nyunyizia suji laini kidogo, ivishe zile zilizolowa kama koti, kisha matone tena, kisha zungusha tena.

Sikiliza. Suji kavu hutoa sauti ya ufagio wa makuti kwenye uwanja. Ikianza kuwa kuskusi, sauti inashuka na kuwa laini, na ukiinua mkono punje zinabingirika zenyewe kurudi katikati. Ukubwa unaoutaka uko kati ya mbegu ya ufuta na punje ya pilipili manga. Yakitokea madonge, maji yalizidi. Yapitishe kwenye chekeche na uyavunje kwa vidole, usiyatupe. Kila kundi likiwa tayari, litandaze juu ya leso safi ya pamba, uchukue viganja vingine viwili. Kwa kiasi hiki mimi huchukua muda wa saa nzima. Mwanangu wa pili hukaa upande wa pili wa mkungu na kunyunyiza maji, na kazi inakuwa nyepesi.

Iache kwenye leso saa moja, panka ikiwa imezimwa, maana inapeperusha punje ndogo. Kisha irudishe kwenye mkungu, mimina vijiko vitatu vya mafuta ya zeituni, chumvi, pilipili manga ya kusaga, na kitunguu kimoja kilichokatwa kidogo kabisa. Sugua taratibu kwa viganja viwili kana kwamba unapasha mikono joto, mpaka kila punje ing'ae.

Mvuke

Unahitaji sufuria ndefu na chombo cha matundu kinachokaa juu yake bila kugusa maji. Wenyewe wana chombo cha udongo cha kazi hii. Mimi nilimpelekea fundi wa mabati sufuria kuukuu akaitoboa chini, na inanitosha. Maji yafike nusu ya sufuria ya chini, uyatie majani mawili na kitunguu. Juu ya matundu tandaza majani mengine, kisha mwaga kuskusi bila kuishindilia. Chukua mpini wa mwiko utoboe mashimo matano sita ili mvuke upate njia.

Kisha kanda unga wa ngano na maji, fanya ukanda mrefu, uzibie pale sufuria mbili zinapokutana. Hili si pambo. Mara ya kwanza nilipopika nyumbani niliona ni kupoteza unga, nikaacha. Mvuke ukapata ufa pembeni, ukatokea huko, na baada ya saa nzima na nusu punje za katikati zilikuwa zimeiva na za kandokando zilikuwa mbichi, zinakwaruza meno. Nilikuwa nimealika watu. Tangu siku hiyo unga wa kuzibia naukanda kabla hata sijawasha moto.

Hesabu saa moja na nusu kuanzia mvuke unapotokeza juu, si kuanzia ulipowasha moto. Kila baada ya dakika ishirini geuza kwa uma, chini kuja juu. Moto wa wastani. Kwa makaa ni vizuri zaidi, mradi usiache jivu likazima jiko.

Katika muda huo wa kungoja ndipo mama yule alikuwa akinisimulia, kwa maneno machache na mchoro wa mkaa kwenye karatasi ya unga. Waarabu walishuka Sisilia mwaka 827 na wakaitawala mpaka Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoichukua, Palermo ikaanguka mwaka 1072. Tunisia iko kama kilomita 150 tu ng'ambo ya maji, na kuskusi ilitoka upande huo wa Afrika Kaskazini. Wafalme wa Kinormani hawakuwafukuza wataalamu wa Kiarabu. Al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu, alikaa kwenye ikulu ya mfalme Roger wa Pili huko Palermo, na mwaka 1154 akamaliza kitabu chake cha nchi za dunia. Humo anataja mji wa Trabia, karibu na Palermo, ambako watu walifanya tambi za ngano na kuzisafirisha kwa meli. Na humo humo, katika habari za pwani ya Zanji, yaani pwani yetu hii, anaitaja Malindi na anaitaja Mombasa. Mimi niliposikia hivyo nilikaa kimya. Mtu ameketi Palermo, pengine ananusa kitunguu cha jikoni, anaandika jina la mji wangu.

Ndiyo maana sikubali mtu aniambie hiki ni chakula cha wageni. Biringani letu na lao, milinciana, ukiyafuata majina yake nyuma, yote yanarudi kwenye bādhinjān ya Kiarabu. Na zabibu, tutafika kwake.

Mchuzi

Mvuke ukiendelea, twanga kwenye kinu lozi, punje sita za thomu, majani ya pasli na chumvi ya mawe, mpaka mafuta ya lozi yaanze kutoka na harufu ikupande puani. Kwenye sufuria nyingine kaanga vitunguu viwili kwa mafuta ya zeituni, viive bila kuwa vyekundu. Tia ulichotwanga, kigeuze dakika mbili, halafu nyanya zilizokunwa, nyanya ya kopo, pilipili na mdalasini. Ikishakauka na mafuta kujitenga, tia kichwa cha tewa na vichwa vya kamba, viponde kwa mwiko, kisha lita mbili na nusu za maji ya moto. Chemsha kwa moto mdogo dakika arubaini. Kisha weka changu na pono, vikiwa vipande vikubwa, dakika kumi tu, uvitoe na kuviweka kando vikiwa vizima. Kamba zilizomenywa zitaingia mwisho.

Kinachobaki sufuriani chuja kwa chujio la chuma, ukikandamiza mifupa kwa upawa mpaka isalie mikavu. Mchuzi unaotoka ni mzito, rangi ya matofali. Onja chumvi hapa. Trapani wana mashamba yao ya chumvi ya bahari na vinu vya upepo kandokando, na huku kwetu tuna chumvi ya Gongoni. Chumvi ya bahari ya chenga inaufaa mchuzi huu kuliko ile laini ya pakiti.

Kuskusi ikiiva, imwage kwenye mkungu na uivunje kwa uma. Mimina upawa wa mchuzi wa moto, geuza, ngoja unywewe, mimina mwingine. Kuskusi yote itahitaji pawa tano au sita. Ukimimina zote kwa pamoja umepika uji. Ikiwa imelowa sawasawa, funika kwa kawa, juu ya kawa weka blanketi, na uiache saa nzima. Usifunue. Humo ndani punje zinavimba na kutengana, na ukija kufunua utaona kila moja imesimama peke yake.

Nampakulia jirani yangu kwenye sinia, samaki katikati, mchuzi uliobaki pembeni kwenye bakuli ili kila mtu ajiongezee. Mara ya kwanza aliichota kwa ncha za vidole, akaitazama.

"Shoga, hii pepeta?"

"Siyo. Ni suji."

"Suji gani inakaa hivi?" Akala kimya mpaka akafika kwenye majani, ndipo akauliza nilivyoifanya. Sasa huja na mkungu wake mwenyewe, tunaviringa wote wawili barazani.

Pembeni naweka kaponata, ambayo sitaieleza kirefu kwa kuwa ni rahisi. Kaanga biringani tatu za vipande vya mchemraba mpaka ziwe za dhahabu, uziweke kando. Kwa mafuta yale yale kaanga kitunguu na mabua ya seleri, tia nyanya, zeituni za kijani zilizotolewa kokwa, biringani zako, kisha robo kikombe cha siki iliyokorogwa na vijiko viwili vya sukari. Wasisilia hutia pia matumba ya kepa yaliyohifadhiwa kwa chumvi. Kwa kuwa bei yake huku ni kubwa, natia birimbi za kutiwa chumvi, zilizooshwa na kukatwa nyembamba. Mama wa Trapani alizionja akazikubali. Ila kaponata ipike jana yake. Siku ile ile siki bado inagombana na sukari.

Kuhusu divai

Ndani ya vyungu hivi vyote hamna tone la divai, kwa hivyo jirani yangu na mimi tunakula sinia moja bila mashaka. Usikubali mtu akwambie kuskusi ya Trapani haiwezi kupikwa bila mvinyo mweupe. Divai ni ya gilasi, kwa anayekunywa.

Baba yangu alikuwa mgema, Kaloleni, kwa hivyo divai nilianza kuielewa kwa njia ya mnazi. Alipanda alfajiri na kupanda tena jioni, na alichoshusha asubuhi kilikuwa kitamu cha kunywa mtoto. Jua likipanda kilishaanza kukolea, jioni kikali, kesho kutwa ni siki. Wenye zabibu wana muda ambao baba hakuwa nao, lakini nao walikuwa na hofu ile ile safarini. Mwaka 1773 mfanyabiashara Mwingereza, John Woodhouse, alipotaka kupeleka Uingereza divai ya bandari ya Marsala, aliiongezea pombe kali ili isiharibike melini. Hiyo ndiyo Marsala mpaka leo. Ya daraja la chini, iitwayo Fine, hukaa mwaka mmoja kabla ya kuuzwa. Ile ya Vergine hukaa angalau mitano. Ina kilevi cha asilimia 17 au 18, kwa hivyo ni ya gilasi ndogo baada ya chakula, siyo ya kushushia samaki.

Kwa kuskusi yenyewe tafuta divai nyeupe kavu ya zabibu ya Grillo au Catarratto kutoka Sisilia. Iwe baridi kweli kweli; kwenye joto letu chupa iliyotoka friji inapoteza ubaridi kabla sahani haijazunguka, basi iweke kwenye ndoo ya barafu na maji. Ikifunguliwa, imalize ndani ya siku mbili tatu. Na chupa usiihifadhi juu ya kabati la jikoni. Niliwahi kupewa zawadi ya chupa nzuri, nikaiweka juu ya kabati, karibu na jiko, miezi yote ya kaskazi. Nilipoifungua ilinuka tufaha lililopikwa, na rangi ilishageuka kahawia. Ilale kwenye giza, chini, mbali na moto.

Ya mwisho ni ile ninayoipenda kwa jina lake. Kati ya Sisilia na Tunisia kuna kisiwa kidogo, Pantelleria, na mzabibu wao mkuu huitwa Zibibbo. Ni zabib ya Kiarabu, ni zabibu yetu. Upepo wa huko ni mkali hata mizabibu hupandwa ndani ya vishimo, ikakuzwa mifupi kama kichaka kinacholala chini. UNESCO iliuingiza ukulima huo kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2014, kama ilivyoziingiza mila za Kaya za Wamijikenda mwaka 2009 kwenye orodha ya zinazohitaji ulinzi wa haraka. Zabibu huanikwa juani mpaka zisinyae, na divai inayotoka, Passito, ni tamu, ya rangi ya asali.

Kwa wasiokunywa ninatengeneza kitu kingine, nacho hakitoki mbali: Wasisilia wenyewe huchemsha maji ya zabibu kabla hayajachacha mpaka yawe shira, wakayatia kwenye biskuti zao. Loweka kikombe cha zabibu kavu katika vikombe viwili vya maji usiku kucha. Asubuhi chemsha na maganda ya chungwa, ponda, kamua kwa kitambaa, urudishe motoni mpaka shira ivae mgongo wa kijiko. Vijiko viwili kwenye gilasi ya maji baridi na ndimu. Jirani yangu huimwaga juu ya mkate wa sinia.

Kuskusi ikibaki, usiipashe moto kwenye sufuria kavu, itakuwa changarawe. Asubuhi ninaiweka kwenye chujio juu ya birika la chai linalochemka, robo saa, na vipande vya samaki vilivyobaki juu yake.